Mlima Uko Tundu Gani

Kadi zilitoka makao makuu Dar es Salaam katika makatoni sita, juu ya lori lililokuwa limebeba pia saruji. Dereva alinipa karatasi nitie sahihi. Karatasi ilisema kadi elfu tatu. Nikakaa sakafuni nikazihesabu, nikapata pungufu kumi na mbili. Nikahesabu tena. Kumi na mbili zile zile.

"Dada, kwa kadi kumi na mbili tu unanichelewesha hivi?"

"Kwako ni tu. Mimi nitaulizwa."

Akaandika nilichohesabu mimi, akaondoka bila kuaga. Mama yangu aliuza maharage sokoni Uyole, na mimi nilikulia nyuma ya debe lake. Najua kipimo kinavyojazwa kwa kiganja na kupunguzwa kwa kidole gumba. Nilipopata kazi ya maktaba sikubadili tabia, nilibadili bidhaa tu.

Hii ilikuwa miaka ya sabini, Mbeya. Nilikuwa karani wa katalogi, na kwenye barua yangu ya ajira neno "karani" lilifuatwa na maneno "wa muda". Nilikuwa wa muda kwa mwaka wa tatu sasa. Nilipanga chumba mtaa wa Soweto, na kila mwisho wa mwezi nilimwambia mwenye nyumba kwamba barua ya kuthibitishwa iko njiani. Naye alinijibu kila mara kwamba njia za nchi hii ni mbovu.

Shida ambayo kadi zilikuja kuitibu ilikuwa hii. Sisi tulikuwa na vitabu vyetu, na maktaba ya Iringa ilikuwa na vyake, na hakuna aliyejua mwenzake ana nini. Msomaji akitaka kitabu tusichokuwa nacho, tuliandika barua Dar es Salaam. Baada ya majuma matano Dar walijibu kwamba kitabu hicho kiko Iringa, na kwamba tungeuliza Iringa tungekipata mapema.

Basi makao makuu wakaamua Mbeya na Iringa tuwe na katalogi moja. Kila maktaba iandike kadi za vitabu vyake nakala mbili, moja ibaki, moja ipelekwe kwa mwenzake ndani ya sanduku la mbao ambalo basi lingelibeba kila Jumamosi. Vitabu navyo vingesafiri kwa sanduku hilo hilo. Lakini hizi hazikuwa kadi za droo tulizozoea. Zilikuwa na matundu pembeni pande zote, kama zimeumwa na panya mwenye adabu, na kila tundu lilikuwa na herufi yake. Kitabu kikihusu ng'ombe, unachukua mkasi unakata tundu la N mpaka ukingoni, liwe pengo. Siku ya kutafuta unazishika kadi zote pamoja kama karata, unapitisha sindano ndefu kwenye tundu la N, unainua, unatikisa. Zenye tundu zima zinabaki zikining'inia. Zenye pengo zinaanguka mezani, na hizo ndizo za ng'ombe.

Sindano rasmi ilikuja moja, ikaenda Iringa. Mimi nilitumia ya kufumia sweta. Mbeya sindano hizo hazikosekani.

Mkutubi mkuu, yaani mkubwa wangu, hakuficha mambo. Aliniita ofisini akafunga mlango.

"Mwishoni mwa masika atakuja mkaguzi," alisema. "Akiona hiki kitu kinafanya kazi, nafasi ya katalogi itakuwa ya kudumu, na uliyeshika mkasi ni wewe. Kisipofanya kazi, kadi zinahamia mkoa mwingine na nafasi inazifuata."

"Na mimi?"

"Wewe huna tundu, binti. Huhamishiki."

Alikuwa anatania, lakini nilipotoka niliona debe la mama mbele ya macho yangu, na mimi nyuma yake, na umri wangu.

Nilikata kadi mia tatu za kwanza kwa siku nane. Siku ya tisa mkutubi mkuu akaja na kikombe chake cha chai kuona muujiza.

"Haya, nitafutie mahindi."

Nikapitisha sindano kwenye M, nikainua, nikatikisa. Ilikuwa kama paa la mabati lililong'oka. Kadi zilianguka mezani, zikajaa, zikamwagika sakafuni, nyingine zikaingia kwenye chai.

"Yote haya mahindi?"

"Mahindi, mifugo, misitu, mbolea, malezi, magonjwa, methali na muziki," nilisema, nikiokota.

"Na hizo zilizobaki kwenye sindano?"

"Nyingi ni K."

Nilizihesabu mara mbili. Kati ya mia tatu zilianguka mia mbili kumi na moja. Kadi zile zilibuniwa na watu ambao maneno yao yanatembea kichwa wazi. Maneno yetu huvaa kofia, na kofia zetu nyingi ni M. Mkulima kavaa M, kilimo kavaa K, ukulima kavaa U, na wote watatu ni mtu mmoja anayekwenda shamba lile lile.

Nikaomba simu ya Iringa. Mwenzangu wa huko alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa Igowole, mwimbaji wa besi katika kwaya ya Kilutheri. Sauti yake ikifika Mbeya mkono wa simu ulitetemeka. Nilimwita Mwalimu.

"Kamwene, binti!"

"Kamwene, Mwalimu. Huko zimeanguka?"

"Zimeanguka."

"Ngapi?"

"Mia mbili na tatu kati ya mia tatu. Iringa tuna nidhamu kidogo."

Tulikubaliana papo hapo kwamba lazima maneno yavuliwe kofia. Tukate tundu la herufi ya shina, si ya kichwa. Mkulima, kilimo, ukulima, wote waende L, kwa sababu wote wametoka kwenye kulima. Tundu la M, ambalo tayari lilikuwa limejaa mapengo kama mdomo wa bibi kizee, tukalistaafisha. Maneno ambayo M ni yao kwa kuzaliwa tukayapeleka tundu la X, ambalo Kiswahili hakikuwa na kazi nalo.

Kukubaliana jambo kwa ujumla ni rahisi. Hata sokoni wote hukubali kwamba bei iwe nzuri. Ugomvi ulikuja neno kwa neno, kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, dakika tatu tatu, na katikati yetu akiwa mama wa mitambo ya simu aliyetuunganisha na kutukata.

Mwalimu alikuwa mkali. Kila M aliyoiona aliivua.

"Mbuzi," alisema siku moja. "Nimeikata B."

"Mwalimu, mbuzi hana kofia. Huyo M ni wake."

"Ondoa M unapata buzi. Buzi ni mbuzi mkubwa. Neno limesimama lenyewe."

"Msomaji wangu akija kutafuta mbuzi nimpe buzi? Hata sokoni hatufanyi hivyo."

"Sokoni mnafanya mabaya zaidi."

"Mbuzi ni mbuzi, jamani," sauti ya mama wa mitambo ikaingia. "Dakika tatu zimekwisha."

Nililala na mbuzi yule kichwani. Jumamosi nilikwenda Uyole kumsaidia mama, nikamsikia mteja akiuliza bei ya debe moja, mama akamjibu, "Nikuuzie madebe mangapi?" Hakupenda kuzungumza habari ya moja. Alisema mtu hujulikana anapofika kwenye wingi. Nikaacha kupepeta.

Jumanne nikampigia Mwalimu kabla sijamaliza chai.

"Nimepata kipimo. Neno tulitie katika wingi. Kinachobadilika ni kofia, kinachobaki ni chake. Mkulima, wakulima: M imeondoka, basi haikuwa yake. Sasa mbuzi. Wingi wake?"

"Mbuzi."

"M imeondoka?"

"Haikuondoka."

"Basi mbuzi ni wangu. Tundu la X."

Alicheka, na besi ile ikaniingia sikioni hadi mabegani. Nilidhani nimeuza. Ndipo akasema taratibu, kama mwalimu anayefuta ubao, "Kipimo kizuri sana, binti. Tukitumie kwa wote?"

"Kwa wote."

"Bila upendeleo?"

"Mwalimu, mimi ni mtu wa mizani."

"Mlima."

"Mlima nini?"

"Wingi wake."

"Milima," nilisema.

"M imekuwa MI. Kumbe ilikuwa kofia. Shina ni lima, tundu la L, pamoja na mkulima na kilimo chake."

"Lakini mlima haulimi! Mtu akitafuta habari za jembe zitamwangukia habari za Rungwe!"

"Kipimo ni chako."

"Dakika tatu zimekwisha," akasema mama wa mitambo, na nadhani alikuwa anacheka.

Nilikuwa nimefungwa kwa kamba niliyoisokota mwenyewe. Niliandika "mlima, L" katika daftari la makubaliano kwa sababu neno nililolitoa sirudishi. Kisha nikachukua kadi zenye habari za milima, zetu na zilizotoka Iringa, kama kumi hivi, nikazikata tundu la L nikiwa nimenuna. Moja ya mwisho nakumbuka niliikata nikiwa natazama dirishani.

Masika yalikuwa mazito mwaka ule. Tulikata kadi, sanduku likaenda na kurudi, na ikifika Jumamosi jioni nilikuwa stendi kulipokea na kuhesabu yaliyomo mbele ya kondakta. Kwenye daftari niliandika kila herufi ina kadi ngapi. Mkutubi mkuu aliniuliza kwa nini. Nikamwambia mtu akiacha vitu kwenye sindano ni lazima ajue ameacha vingapi.

Mkaguzi alikuja na baridi ya Mei, amevaa kaunda suti ya kitambaa chepesi cha pwani. Alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na alikuwa anatetemeka. Alitazama kadi, akatazama sindano.

"Hii ndiyo sindano rasmi?"

"Ya sweta, ndugu. Rasmi iko Iringa."

"Maswali ya kujaribia sitaki mnipe nyinyi," alisema. "Nitakaa hapa pembeni. Msomaji wa kwanza atakayeingia baada ya saa nne, swali lake ndilo mtihani."

Nilishusha pumzi. Hilo nilikuwa nimeshalinusa, kwa sababu Iringa alikuwa amefanya vivyo hivyo juma lililotangulia, na Mwalimu akanidokeza. Hivyo mama yangu alikuwa ameagizwa aingie saa nne kamili. Tulikuwa tumefanya mazoezi ya swali lake mara mbili.

Saa nne ikafika, mama hakufika. Saa nne na dakika nne mlango ukasukumwa, akaingia mama mwingine kabisa, mtu mzima, amejifunga kanga mbili na koti la kiume, miguu imejaa udongo mwekundu hadi magotini. Alisimama kwenye mkeka wa mlangoni akitazama miguu yake, akitazama sakafu yetu.

"Ingia tu, mama," nilisema. "Ugonile?"

Aliitikia akaingia. Alikuwa anaishi juu, kwenye mteremko wa mlima, analima viazi. Alikuwa amemaliza darasa la watu wazima na cheti anacho, alisema, kama nina shaka angekileta.

"Sina shaka, mama. Unatafuta kitabu gani?"

"Nataka kitabu cha kuzuia mlima usishuke."

Mkaguzi akainua kichwa.

"Unashuka vipi, mama?"

"Mvua ikinyesha, shamba langu linashuka kwa jirani wa chini. Mwaka jana udongo, mwaka huu udongo na viazi. Nikimwambia nirudishie, anasema kilichofika kwake ni chake. Nikikaa hivi hivi mwakani nitakuwa nalima jiwe. Wenzangu wanasema kuna kitabu. Sasa kama kipo, kipo."

Nilijua kipo. Nilikumbuka kadi yake kwa macho: kijitabu chembamba cha matuta ya mlimani na majani ya kuotesha ukingoni, mali ya Iringa. Lakini mtihani haukuwa kumbukumbu yangu. Nikachukua sindano, nikaipitisha kwenye L, nikainua, nikatikisa.

Zikaanguka. Si gharika ya M, ni mvua ya kawaida. Nikazihesabu: thelathini. Nikahesabu tena: thelathini. Nikafungua daftari. L: thelathini na moja.

Nikazipitia moja moja. Kilimo cha mpunga, kilimo cha kahawa, mlezi na mtoto, mlango na dirisha kwa maseremala, milima ya nchi yetu kwa shule za msingi. Kijitabu cha matuta hakimo.

"Umepata?" mkaguzi akauliza.

"Bado moja, ndugu."

"Unajuaje ni moja?"

"Nimehesabu mara mbili."

Nikatikisa tena. Nikatikisa kama mtu anayekung'uta blanketi. Mkutubi mkuu alikuwa anaangalia dari. Yule mama alikuwa anaangalia mikono yangu, kwa imani kabisa, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nikainua furushi lote hadi kwenye mwanga wa dirisha, nikaanza kupekua zilizobaki kwenye sindano.

Ilikuwa katikati. Pengo lake la L lilikuwa limeingia vizuri, likakaribia ukingo, likasimama. Kiuzi cha karatasi chembamba kama kipande cha ukucha ndicho kilichoishika kadi isianguke. Nilikitambua. Nilikumbuka hata dirisha nililokuwa natazama.

Mkaguzi alikuwa amekwisha simama nyuma yangu, akasogeza miwani.

"Kadi hii imekatwa nusu."

"Ndiyo, ndugu."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema mkasi ni butu. Mkasi wenyewe usingenibishia. Lakini mama wa viazi alikuwa ananitazama.

"Nilikubali nusu," nilisema.

Ikabidi nieleze. Nikaeleza kofia, nikaeleza mbuzi, nikaeleza kipimo cha wingi na jinsi kilivyonigeukia kwenye mlima. Nilisema nilibisha kwamba mlima haulimi.

Mama wa viazi, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema, "Nani kakwambia? Sisi tunaulima. Kwani mlima kazi yake nini?"

Mkaguzi akacheka mpaka akasahau kutetemeka. Mimi nikachukua mkasi, nikakata kile kiuzi, nikatikisa mara moja. Kadi ikaanguka peke yake, kifudifudi. Nikaigeuza. Kijitabu cha matuta. Kwenye kona, alama ya Iringa.

"Kitakuja na basi Jumamosi, mama. Njoo Jumatatu."

"Jumatatu mlima utakuwa umefika wapi?"

"Masika yanakwisha. Utakusubiri."

Alikuwa anaandikisha jina lake, polepole, herufi moja moja, ndipo mlango ukasukumwa tena. Mama yangu. Alikuwa anahema, kitambaa kimeenda upande, kwa sababu mteja wa maharage alimkalia kwa bei tangu asubuhi na yeye hakutaka kushindwa. Hakunitazama. Alisimama katikati ya chumba kama mtoto wa shule, akatamka yote aliyofundishwa:

"Naomba kitabu kuhusu maharage ambacho kiko Iringa."

Mkaguzi akamtazama mama, akanitazama mimi. Mama na mimi tunafanana sana pua.

"Mama," mkaguzi akasema kwa upole, "umejuaje kama kiko Iringa?"

Mama akafikiri. "Nimehisi tu, baba."

Mkaguzi alifungua daftari lake, akaandika mistari michache, akafunga. Wakati wa kuondoka aliniambia niandike kile kipimo cha wingi, kurasa mbili, kwa lugha nyepesi, mikoa mingine wakitumie. "Mfumo haukugoma," alimwambia mkutubi mkuu mlangoni. "Uliogoma ni mkasi, na umekiri."

Jumamosi nilikuwa stendi. Sanduku lilishuka na vitabu tisa, na kijitabu cha matuta kikiwa juu kabisa, kimefungwa kwa uzi wa Mwalimu, mafundo mawili. Jumatatu yule mama alikuja saa mbili kasoro, kabla hatujafungua, akakisomea palepale kizingitini kwa sauti, kidole chini ya mstari. Masika yaliyofuata nilipanda kwake kuona. Matuta yalikuwa yamekaa na majani yameota. Jirani alikuwa amekuja kuomba mbegu za majani, naye mama wa viazi alimwambia zilizofika kwake huko chini ni zake.

Barua yangu nayo ilikuwa imefika miezi miwili tu baada ya ukaguzi, ndani ya sanduku lile lile, kwa kuwa makao makuu waliituma Iringa kwa makosa. Niliisoma mara mbili pale stendi. Neno "wa muda" halikuwepo popote. Jioni ile mwenye nyumba wangu aliishika, akaipindua kutazama nyuma, akasema kumbe njia zimetengenezwa.

Jumanne nikaomba simu ya Iringa.

"Kamwene, Mwalimu. Nimethibitishwa."

"Najua. Nilikuwa naiona bahasha siku tatu mezani kwangu. Sikuifungua, lakini nilikuwa naimbia kando yake."

"Na mlima nimeukata mpaka mwisho. Zote kumi, nimezikagua."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Vizuri, binti. Sasa turudi kwenye mbuzi."

"Mbuzi tumemaliza, Mwalimu."

"Hapana. Nimekaa nikafikiri. Ng'ombe wingi wake ni ng'ombe, sawa. Mbwa ni mbwa, sawa. Lakini nyinyi huko Uyole mkiona kundi kubwa hamsemi mabuzi?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Endeleeni tu," akasema mama wa mitambo. "Leo laini haina mtu."